Palizi ya Pombe Nyumbani kwa Kaka

Kila Jumamosi saa nne asubuhi huwa nakaa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakikaribia kidevu, nikiwaambia watoto wa mtaa wa Nkuhungu, Dodoma, kwamba ulevi wa wazazi wao si kosa lao. Huo ndio mchango wangu kwa taifa. Shule ninayofundisha imetupa darasa moja la kutumia bure, kanisa limetupa mkeka na sufuria la uji, na mimi nikapewa cheo cha mlezi wa kikundi kwa sababu siku ya uchaguzi wenzangu wote walikuwa na udhuru.

Kabla ya kuanza tulipelekwa semina ya siku tatu. Mwezeshaji alikuja na kalamu za rangi nne na makaratasi ya kubandika ukutani, akatufundisha kwamba mlevi haitwi mlevi, anaitwa mzazi mwenye changamoto ya matumizi ya vileo. Nilirudi mtaani nikalijaribu jina hilo. Nilimwuliza bibi mmoja anaendeleaje mwanawe mwenye changamoto ya matumizi ya vileo, akanijibu kwa ukali kidogo kwamba mwanawe hana changamoto yoyote, anakunywa vizuri tu. Tangu siku hiyo nimerudi kwenye neno mlevi na tunaelewana. Semina hiyo hiyo ilituagiza tuwape watoto karatasi wachore wanavyojisikia moyoni. Wetu walichora mbuzi. Wote kumi na mmoja walichora mbuzi, kwa sababu wa kwanza kuanza alichora mbuzi, na alimchora vizuri.

Lakini watoto wanakuja, hilo siwezi kulifanyia mzaha. Wanakunywa uji wa karanga, wanafanya kazi walizopewa shuleni, wanagombania mpira. Kuna mmoja aliyekuja miezi mitatu bila kusema neno, anakunywa uji wake na kuondoka, nami niliyahesabu hayo kuwa mafanikio na bado nayahesabu. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba mimi ni mtu ninayetakiwa kujua. Yaliyotokea kijijini Mlali, wilayani Kongwa, kwa kaka yangu wa kuzaliwa, niliyafanya wakati cheti cha semina kinaning'inia sebuleni kwangu, kimewekewa kioo.

Kaka yangu ni mlevi wa daraja la juu. Si wa kupiga watu. Angekuwa wa kupiga watu, ukoo ungemshughulikia siku nyingi. Yeye ni mlevi mpole, mcheshi, anayempenda kila mtu kuanzia saa nne asubuhi. Kijiji kizima kinampenda. Anajua kusimulia, anajua kubembeleza watoto wa wenzake, na akishakuwa chakari huomba msamaha kwa kila aliyepo, kuku wakiwemo. Asichojua ni leo siku gani na kama watoto wake wamekula.

Alikojifunzia napajua. Baba yetu naye alikuwa mtu wa kilabuni, na kaka ndiye aliyetumwa kumfuata. Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa akienda kule, anakaa kwenye benchi akimsubiri mzee amalize, kisha anamkokota hadi nyumbani. Mimi nilionekana nina akili za darasani, nikabakishwa nyumbani nisome, nikasoma mpaka chuo cha ualimu. Watu husema mimi nilijitahidi na kaka akajiachia. Huwa nanyamaza, maana nikianza kujibu nitalazimika kusema kwamba mmoja wetu alitumwa na mwingine hakutumwa, halafu nitaharibu sherehe ya mtu.

Mke wake alifariki miaka miwili iliyopita, akaacha binti wa miaka kumi na moja na mapacha wa kiume wa miaka minne. Siku ya mazishi, macho yamevimba na kamasi zinanitoka, nilimshika yule binti kichwani nikamwahidi mbele ya watu kwamba yeye na wadogo zake hawatatenganishwa kamwe. Akina mama wakaitikia amina. Ilikuwa ahadi nzuri sana, ya mtu anayepanda basi kesho yake kurudi Dodoma mjini.

Kuwachukua wote watatu nisingeweza. Nyumba yetu Nkuhungu ina vyumba viwili na sebule; chumba kimoja ni cha mama mkwe, ambaye ana maoni kuhusu kila kitu, na wanangu wawili wanalala sebuleni. Kwa hiyo kukaa pamoja kulimaanisha kukaa pamoja kule kule Mlali, kwa baba yao, mimi nikituma unga, madaftari na ushauri. Ushauri nilituma kwa wingi.

Binti akashika nyumba. Alichota maji, akapika, akafua, akawavusha mapacha barabara kwenda shule na kuwarudisha, na jioni akamfuata baba yake kilabuni. Kila nilipopiga simu alinijibu kwamba wanaendelea vizuri, shangazi. Nilimsifu. Nilimsifu kazini, nilimsifu kanisani, nilimsifu hata kwenye kikundi cha Jumamosi, nikiwaambia watoto wa Nkuhungu kwamba kuna msichana huko Kongwa ambaye ni shujaa. Wao wakanitazama kwa uso wa mtu anayesubiri uji.

Basi ikafika Krismasi, na ukoo ukakaa kikao. Mwenyekiti alikuwa baba yetu mdogo, aliyewahi kuwa karani wa ushirika enzi zake na ambaye tangu hapo hajawahi kuacha kuongoza vikao, hata pale ambapo watu wamekusanyika kula tu. Akaeleza hali. Msimu uliopita kaka alipanda ekari tatu za mahindi na alizeti, akapanda kwa mbwembwe, akaimba, halafu hakurudi shambani. Magugu ndiyo yaliyovuna. Watoto walikula kwa majirani hadi majirani wakaanza kufunga milango saa ya chakula. Mwaka huu amepanda tena, na dalili ni zile zile. Kwa hiyo pendekezo lake ni kwamba mapacha waende kwa mjomba wao, kaka wa marehemu, anayekaa kijiji cha jirani na mama yake mzazi, na binti achukuliwe na shangazi yeyote mwenye nafasi.

Nilisimama kabla hajamaliza. Niliongea kama dakika ishirini. Nilisema watoto si mbuzi wa kugawana. Nilisema wataalamu wanakataza ndugu kutenganishwa, na hapo nikanukuu semina mpaka mahali ambapo sikuwa na uhakika ilisema nini. Nikasema niliahidi mbele ya kaburi. Watu wakaangalia chini, kwa sababu mtu akishataja kaburi hakuna wa kumpinga tena. Binti mwenyewe alikuwa akizunguka na birika la chai, akimimina, na alipofika kwangu alinijazia kikombe hadi juu. Mimi nikauchukulia huo kuwa mkono wa kuniunga.

Baba mdogo akatafuta njia ya kati, kama makarani wote. Shamba likiwa limepaliliwa ifikapo katikati ya Februari, watoto watabaki pamoja mpaka mavuno, maana watakuwa na chakula chao. Lisipopaliliwa, wanagawanywa na hakuna hotuba tena. Kaka aliyekuwa amekaa mlangoni alisema amekubali, akaomba msamaha kwa wote.

Hapa inabidi nieleze jambo. Kwetu shamba likikuzidi nguvu huliachi. Unapika ujimbi, pombe yetu ya mtama, unatangaza siku, na majirani wanakuja na majembe yao. Wanapanga mstari mmoja, wanalima wakiimba hadi mwisho wa shamba, ndipo wanakaa chini na kunywa. Hakuna malipo mengine, wala hakuna anayejiona kibarua, maana wiki ijayo ni zamu ya mwenzako. Ni utaratibu wa tangu zamani, unafanya kazi vizuri, na una kasoro moja tu kwa mtu mwenye cheti kama changu.

Nilitangaza palizi bila pombe.

Nilitaka iwe mfano. Nilikwisha kuona kabisa jinsi nitakavyoisimulia kwenye semina ijayo: jamii yakusanyika kumsaidia mlevi bila ulevi. Mwishoni mwa Januari nikaomba ruhusa kazini, nikashuka kituo cha Pandambili na makreti mawili ya soda, nikayapandisha kwenye bodaboda mpaka Mlali, na Ijumaa nzima mimi na binti tukapika togwa isiyolevya ndoo mbili na pilau sufuria kubwa. Togwa ilikuwa tamu. Nasisitiza hilo kwa sababu baadaye watu walijaribu kuisingizia.

Jumamosi asubuhi walikuja wanne. Wawili walikuwa bibi wazee waliokuja kwa adabu na bila majembe. Wa tatu alikuwa kijana aliyekosea shamba. Wa nne, mzee mmoja mwenye jembe zuri lililonolewa, alinisalimia kwa Kigogo, mbukwa, vizuri kabisa, akafunua ndoo ya kwanza, akanusa, akafunua ya pili, akanusa, akaniuliza kwa upole kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, ila tumeamua mwaka huu tusitumie pombe. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanywa soda moja, akaenda zake na jembe lake begani.

Tukalima sisi wenyewe, mimi, binti na mapacha, ambao waling'oa mahindi mengi kuliko magugu. Kaka aliamka saa tano, akalima mistari miwili kwa nguvu za ajabu, kisha akakumbuka ana mtu wa kumwona. Mchana baba mdogo alipita kukagua. Alisimama mwanzo wa shamba, mikono nyuma, akatazama ile sehemu ndogo tuliyoisafisha, yenye ukubwa wa kutosha kaburi na waombolezaji.

"Mwalimu," aliniambia, "unaita watu wazima kwenye kazi ya wanaume, unawapa uji wa watoto."

Nilikaa kwenye kreti la soda, viganja vimenitoka malengelenge, nikaanza kulia kwa hasira. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Binti alikuja akakaa kando yangu, akasema kwamba kama tatizo ni ujimbi, yeye anajua kupika.

Nilimwuliza anajuaje. Akanieleza bila wasiwasi wowote. Jirani anayeuza pombe amekuwa akimpa kazi baada ya shule: kusaga kimea, kuchochea, kukoroga, kuchuja. Anamlipa kwa unga. Unga wangu ulikuwa ukiisha kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu baba yake alikuwa akiugawa kwa marafiki, kwa hiyo aliona bora atafute wa kwake. Kisha akaongeza, akitazama mikono yake, kwamba watu wa kilabuni wanasema pombe anayokoroga yeye ndiyo inayochachuka vizuri kuliko zote. Katika miaka yote hiyo, hilo ndilo jambo la kwanza nililomsikia akilisema kwa kujivuna.

Nilikasirika kwa muda wa dakika tano hivi. Nilisema maneno makubwa kuhusu haki za mtoto na kuhusu yule jirani, na kwamba nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwamba nitakwenda hata wilayani. Binti alinisikiliza hadi mwisho. Halafu mimi mwenyewe, kwa kinywa hiki hiki, nikamwuliza kimea kipo kiasi gani.

Sitajitetea. Wiki mbili baadaye msichana wa miaka kumi na tatu, ambaye baba yake anazama kwenye pombe, alipika pipa zima la pombe kwa idhini ya shangazi yake mlezi wa kikundi cha watoto wa walevi. Nilifika Ijumaa nikamkuta amekwisha chuja. Nilionja kwa ncha ya kijiko, kwa ajili ya ukaguzi. Ilikuwa kali na safi, na ilinipeleka moja kwa moja kwenye uwanja wa baba yetu, nikaweka kijiko chini haraka.

Jumamosi walikuja watu zaidi ya thelathini. Walikuja bila hata kuitwa mara ya pili. Nadhani harufu ndiyo iliyotangaza. Yule mzee wa kuuliza msiba alikuwa wa kwanza, akafunua pipa, akanusa, akafunika, akavua shati. Wakapanga mstari kuanzia kwenye mpaka wa jirani hadi barabarani, mmoja akatoa wimbo kwa Kigogo, na magugu yakaanza kulala chini. Kaka alikuwa katikati. Baba mdogo alikuwa amemweka nyumbani kwake tangu Alhamisi, amemlaza chumba cha ndani na yeye mwenyewe akalala mlangoni, hivyo asubuhi hiyo kaka alikuwa mkavu, mikono inatetemeka, lakini alipolishika jembe mikono ikatulia. Alilima vizuri kuliko wote. Alikuwa na miaka arobaini na sita na alilima kama kijana, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ndugu yangu ni mkulima hodari. Nilimpenda sana asubuhi ile. Nilitamani wimbo ule usiishe.

Kwa desturi mama wa nyumba ndiye anayegawa pombe, na kwa kuwa mama hakuwepo, binti ndiye aliyekaa kwenye kigoda pembeni ya pipa, na kopo la plastiki mkononi. Saa saba mchana shamba lilikuwa limekwisha, ekari zote tatu, nyeusi na safi, na watu wakaja kukaa kwenye kivuli cha ghala. Nikamtazama akifanya kazi. Alijua kila mtu anaweza kiasi gani. Huyu alimpa nusu, yule alimjazia, mmoja akamwambia kwa heshima kwamba babu, wewe subiri kwanza ule. Baba yake alipokuja na kopo lake, alichota, akaongeza maji kutoka kwenye ndoo nyuma ya mguu wake, akakoroga kwa kidole, akampa. Alifanya hivyo mara tatu bila hata kutazama mkono wake unafanya nini. Nami nilikaa pale nimeshiba pilau, nikijisemea kwamba mtoto huyu ana akili sana.

Baba mdogo akalizunguka shamba lote kwa miguu. Aliporudi akagonga fimbo chini, akatangaza kwamba kikao kimefunguliwa. Akasema yeye ni mtu wa kutimiza neno, shamba limepaliliwa, watoto watabaki pamoja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaombwa nizungumze, na nikazungumza, kwa unyenyekevu wa mtu aliyeshinda. Nilimsifu binti mbele ya watu thelathini. Nilisema yeye ni mama wa nyumba ile. Wakapiga makofi tena.

Sasa, kwetu hakuna shughuli inayofungwa bila neno la shukrani. Hata tukizindua choo cha shule, lazima mtu asimame ashukuru. Baba mdogo akamwambia binti asimame atoe neno la shukrani kwa niaba ya wadogo zake, maana baba yake wakati huo alikuwa hawezi kushukuru mtu. Binti akaweka kopo chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akasimama.

"Shikamooni," alisema. Tukaitikia. "Nawashukuru wote kwa palizi. Namshukuru babu. Namshukuru shangazi kwa kutoka mbali. Mimi naomba tugawanywe."

Baba mdogo alidhani masikio yamemdanganya. Akamwambia aseme kwa sauti.

"Naomba tugawanywe. Mapacha waende kwa mjomba, kule kuna bibi. Mimi nipelekwe popote. Nataka kukaa mahali ambapo mtu mwingine anapika."

Watu thelathini wakabaki na makopo mikononi, hawajui kama ni adabu kunywa. Na mimi, nitasema ukweli, nilimkasirikia. Nilijisikia nimesalitiwa. Nilikuwa nimepigania jambo hili tangu Krismasi, nimepasuka viganja, nimevunja viapo vyangu vyote kwa ajili ya pipa lile, na sasa mtoto ananidhalilisha mbele ya ukoo. Nikamwambia, tena kwa sauti ya darasani, kwamba nilimwahidi. Nilimwahidi siku ya kumzika mama yake.

"Ndiyo, shangazi," akasema. "Ila wewe huwa unaondoka."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anayenikumbusha basi linapita saa ngapi. Nilikaa chini. Uso uliniwaka, na aibu iliyonishika pale bado inanishika ninapoandika. Miaka miwili nilikuwa nimetimiza ahadi yangu kwa mgongo wa mtoto, nikamvisha ushujaa ili asiutue mzigo. Katika vikao vyote, na simu zote, na hotuba zangu zote za dakika ishirini, sikuwahi kumwuliza yeye anataka nini. Hata mwezeshaji wa semina na kalamu zake za rangi angekumbuka kuuliza.

Aliyefuata kusema alikuwa kaka. Alikuwa amekaa chini, ameegemea ghala, kopo mapajani. Nilisubiri aanze kutuomba msamaha, mmoja mmoja. Hakuomba.

"Mwacheni aende," alisema. "Mimi nilitaka kusema hivyo hivyo, nilipokuwa kama yeye."

Akaliweka kopo chini. Ningependa sana kuandika kwamba hakuliokota tena. Aliliokota, akanywa, akalia, na mzee wa kuuliza msiba akasogea akakaa karibu yake.

Jumapili mjomba alikuja kuwachukua mapacha. Binti aliwasugua shingo na masikio hadi wakapiga kelele, akawavalisha mashati ya kanisani, kisha akampa mjomba maelekezo: huyu anaogopa radi, huyu anakula udongo ukimpa kisogo, wote wawili hudanganya kwamba wamenawa. Pacha mmoja alilia. Mwingine aliuliza kama kwa bibi kuna mbwa, akaambiwa yupo, akapanda pikipiki bila kuaga. Binti alisimama barabarani mpaka vumbi lilipotulia. Nilidhani atalia, nikawa nimejiandaa kumkumbatia, lakini alichosema ni kwamba amesahau kumwambia mjomba kuhusu kikohozi, na akaomba simu yangu.

Baba yake hakutoka ndani. Binti aliingia akakaa naye kidogo, sijui walizungumza nini, na sikumwuliza. Alipotoka alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki. Kwenye basi kutoka Pandambili alilala kabla ya kondakta kufika kwenye kiti chetu, mdomo wazi, kichwa kikigonga dirisha, na hata tulipofika stendi ilibidi nimtingishe mara mbili.

Mama mkwe alimpokea kwa kumwuliza kama anajua kupika. Nilimjibu mimi, kabla mtoto hajafungua mdomo, kwamba hajui. Ndiyo mara ya kwanza kumdanganya mama mkwe waziwazi, na nilisikia raha.

Tulimtandikia godoro sebuleni pamoja na wanangu. Uhamisho wa shule ungechukua kama wiki moja, hivyo hakuwa na pa kwenda kesho yake. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia ufagio uani. Nikatoka na khanga yangu, nikamkuta amekwisha fagia robo tatu ya uwanja na amejaza ndoo mbili za maji bombani. Nilimnyang'anya ufagio. Nikamwambia akalale.

"Nani atafagia?" aliuliza.

"Mimi."

"Na chai?"

"Nitapika mimi."

Alisimama mlangoni akifikiri. Alikuwa na miaka kumi na tatu, kwapa la gauni limechanika, vidole vimebabuka kwa moto wa kimea.

"Kwa hiyo mimi nifanye nini?"

"Ulale."

"Nikimaliza kulala?"

Nilifungua mdomo. Nina miaka ishirini na miwili ya ualimu, na huwa nina jibu kwa kila kitu, hata nisichokijua. Safari hii sikulitunga. Nikamwambia aanze na hilo kwanza, mengine tutaulizana akiamka. Akaingia ndani, akajifunika shuka hadi kichwani, nami nikabaki uani na ufagio, nikifagia tena pale alipokwisha fagia.